Kidato

Kutoka barabara ya bandarini hadi mlangoni petu
ni vidato mia moja sitini na kimoja.
Nimevihesabu mara nyingi kuliko nilivyosali.
Lifti ya kilima imekufa tangu Machi;
manispaa ya Valparaíso imeifunga mnyororo
na kubandika tangazo: hivi karibuni.
Maneno hayo hata daktari anayapenda.

Anselmo ana miaka mitatu na nusu, kilo kumi na nne,
na nyonga yangu ya kushoto imepinda kumfuata yeye.
Hatembei. Hajaniita.
Ana sauti moja, mm, ya mkate na ya mbwa,
na nyingine, ya juu, nyembamba,
ya chuma kinapogonga chuma.

Mama mkwe, Eduvigis, husema akimenya viazi:
mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.
Nimemleaje, mama? Nionyeshe siku.
Ni ile niliyopandisha ndoo mbili za maji
tumbo likiwa limenitangulia?
Ni ule usiku Belisario aliporudi kutoka kwenye kreni
bila mshahara, bila maelezo, nami nikapiga kelele?
Hanijibu.
Ganda la kiazi linateremka refu, halikatiki,
kisha ananisogezea bakuli, nile.

Kliniki wana fomu ya waridi.
Anatembea? Ndiyo. Hapana.
Anataja vitu viwili kwa majina? Ndiyo. Hapana.
Anapanga vibao vitatu, kimoja juu ya kingine?
Hakuna kisanduku cha bado.
Nimelitafuta neno hilo hadi nyuma ya karatasi,
neno dogo, la silabi mbili,
ambalo huweza kumbeba mtu mwaka mzima.
Bi Maribel, wa mazoezi ya viungo,
hutia alama kwenye hapana kwa penseli.
Namshukuru kwa hiyo penseli.

Jumanne nilichoka kwenye kidato cha themanini na nane.
Nilimtua kama mtu atuavyo mzigo, nakiri,
nikaegemea ukuta uliochorwa pweza
ambaye mikono yake miwili imebanduka na rangi.
Anselmo akakipiga kofi kidato kilicho mbele yake.
Akapandisha goti. Likateleza.
Kidevu kikagusa saruji.
Mkono wangu ulikwishatoka;
nikaurudisha mfukoni, nikazikamata funguo,
nikazibana hadi meno yake yakaniuma.

Nyuma yetu alisimama Nibaldo, muuza gesi,
mtungi begani, shingo imefura.
Hakusema pole. Hakusema nipishe.
Nyuma yake wasichana wawili wa shule,
nyuma yao mbwa asiye na mwenyewe.
Foleni, kwenye ngazi, ya kumsubiri mwanangu.
Mm, Anselmo akamwambia mbwa.
Kisha goti tena. Kisha kiganja.
Kisha, sijui kutoka wapi, na lile goti la pili.

Dakika kumi na moja.
Wenzake watafika kidato cha kwanza, cha pili,
kwa sare na mikoba na picha ya darasa.
Yeye alikuwa kwenye cha themanini na tisa,
kamasi mdomoni, anatazama bandari
kama mwenye nyumba.

Nibaldo akachomoa spana, akaugonga mtungi
mara moja tu. Ngaa!
Anselmo akacheka ile sauti yake ya juu,
akasahau alichokuwa akifanya,
akakaa kwa makalio,
akateleza, akarudi themanini na nane.

Vilibaki sabini na vitatu. Nikambeba.

Alhamisi, kwenye fomu: Anapanda ngazi?
Kimoja, nikasema. Kisha akashuka.
Bi Maribel akavitazama visanduku vyake viwili,
akaiweka penseli mezani,
akaandika pembeni, kwa wino.

Leo ni mvua. Vidato vinateleza,
na yeye amening'ang'ania shingo,
hataki hata kushushwa.