Saa ya Zahari

"Zima hayo maonyo," Zahari aliniambia
kabla sijavua koti. Plovdiv, Februari,
duka la mbegu, vioo vimeota ukungu.
"Benki, posta, hata utabiri wa theluji!
Kila mlango nikibisha, ukurasa mwekundu:
Si salama. Rudi nyuma.
Nirudi nyuma wapi?"

Njia naijua. Vibonyezo vitatu tu,
na kivinjari kingenyamaza kama mbwa
aliyefungwa mdomo: mgeni apite, mwizi apite,
yeye katumbua macho.
Kidole kilikuwa tayari juu ya puku.

Ndipo pembeni, chini kabisa ya skrini,
nikaiona tarehe:
mosi Januari, miaka kumi na tatu iliyopita.
Betri, kubwa kama kifungo cha koti,
ilikufa kimya ndani ya sanduku,
na kwa kompyuta hii vyeti vyote vya dunia
vilikuwa havijazaliwa.

"Si wezi," nikasema. "Ni saa."
Akavaa miwani. Akasoma. Akavua.
"Mwaka huo Stoyanka alikuwa anapima
mbegu za pilipili. Hapo uliposimama."
Nikasogea, sijui kwa nini.

Betri mpya haifiki bei ya mkate.
Kurasa zikafunguka, benki, posta, theluji
(kesho, sentimita sita).
Zahari alikodolea salio lake bila kulisoma.

"Siku nne nzima nilikuwa huko," alisema,
"nami nagombana na mlango.
Ungeniambia mapema, fundi,
nisingekuita."