Ufa Ukutani

Kongwa, Kidato cha Tatu B, saa nne na robo.
Projekta ya kuazima kwa mchungaji,
bando la buku mbili, la mfukoni mwangu,
khanga tatu zimeziba madirisha.
Ukurasa ukashuka mstari kwa mstari juu ya chokaa
kama mgeni anayeona haya kuingia.

Shajara ya ofisa wa boma,
Agosti, mwaka elfu moja mia tisa kumi na tisa.
Ufa wa ukuta ukapita katikati ya sahihi yake.
Nikawatafsiria: "Njaa imepungua.
Wenyeji wametulia. Leo sina la kuandika."

Kalamu zikaanza kukimbia.
Wekeni chini, nikasema. Msimnakili.
Muulizeni.

Kimya. Upepo ukatikisa bati.
Kisha Perisi Ndahani, dawati la nyuma:
"Alimwandikia nani?"
Mkubwa wake.
"Na mkubwa alitaka kusikia nini?"
Hapo nikatafuta pa kukaa.

Chiwanga akausogelea ukuta, pua ikakaribia chokaa,
kivuli chake kikaifunika Agosti nzima.
"Mwalimu, hapa pembeni pana penseli:
mtama, magunia arobaini, nyumbu wa jeshi.
Kama wenyeji wametulia,
nyumbu wanakula cha nani?"

Bando likakata.
Ukuta ukarudi kuwa ukuta.

Katika lile giza la khanga
Sechelela akasema, kama anayejisemea,
"Mama yake babu aliitwa Nzala.
Alizaliwa mwaka huohuo.
Jina nalo si waraka?"
Mmoja akacheka, akajikuta yuko peke yake.

Ni waraka, nikasema. Basi nao uulizwe:
nani alimpa jina hilo, siku ile au baadaye,
na nani amekusimulia.
Akaninunia. Bibi wa mtu hahojiwi kama ofisa.
Jumatatu akaja na kurasa mbili,
na majina mawili ya mwaka mmoja, yasiyopatana.

Sasa ni usiku, nasahihisha.
Swali la saba: Taja sababu tano za njaa ile.
Perisi katoa nne za kitabuni, zimenyooka.
Ya tano: "Nyumbu. Tazama penseli ya pembeni."

Mwongozo wa usahihishaji hauna nyumbu.
Kalamu nyekundu ninayo tangu magharibi,
na ripoti inatakiwa kesho kwa mkuu wa shule,
nami najiuliza
mkubwa wangu anataka kusikia nini.