Kibanda Kisicho na Muuzaji

Barabara inaposhuka kuelekea Aizawl,
baada ya kona ya pili, pale ukungu unapokaa hadi saa nne,
ndipo kilipo kibanda changu cha mianzi.
Hakina mlango. Hakina muuzaji.
Kuna tangawizi, fungu rupia arobaini,
mananasi yaliyofungwa shingoni kwa ukambaa,
pilipili katika vikombe vya chai,
na kopo la maziwa ya unga lenye tundu kifunikoni.
Chukua, weka hela, nenda na amani.
Mimi niko bondeni, napalilia.

Mama yangu aliuza hivyo, na hela zilitimia.
Pengine zilizidi: dereva wa lori hana chenji,
anaacha noti nzima na kikaratasi,
Nitachukua nanasi nikirudi.
Naye hurudi.

Mwezi wa nane kopo likaanza kupungua.
Arobaini leo, themanini keshokutwa.
Rohlupuia, mwanangu, aliyerudi kutoka Bangalore
na simu mbili na haraka nyingi,
akasema, "Mama, imani haimzuii mwizi,"
akabandika chini ya paa kamera ndogo kama punje ya mtama.
Nilitaka kumwambia kwamba tunaye tayari Aonaye.
Sikusema. Nilitaka kujua.

Usiku ule, wali ukitokota,
nikiwa nimeshatenga konzi ya mchele wa kanisa
(kila chungu, konzi moja, kabla hatujala),
tuliutazama mchana wetu kwenye kioo cha simu.
Siku nzima ikapita kwa dakika kumi.
Askari alivua kofia kabla ya kuchukua chungwa.
Watoto wa shule walihesabu sarafu mara tatu.
Kisha Pi Thangzami, wa nyumba ya chini,
yeye anayepita Jumamosi kukusanya mchele wetu,
akafungua mfuko, akatia maboga mawili,
akasimama mbele ya kopo kitambo
kama mtu aliyesahau neno katikati ya sala.
Akaenda.

Rohlupuia akapiga meza. "Si nilisema?"
Nami ulimi wangu ulikuwa tayari unavaa viatu,
nyumba ya kwanza kwa mke wa mzee wa kanisa,
ya pili kwa dada yangu.
"Rudisha nyuma," nikasema, "nione tena,"
maana hasira hupenda kulishwa mara mbili.

Akarudisha mno, hadi alfajiri.
Mwanamke mwenye shali ya kijani anapanga tangawizi.
Kubwa, safi, zinakaa juu, zikiitazama barabara.
Zilizosinyaa anazisukuma chini
kwa kidole gumba, upesi, bila hata kugeuka.
Kila fungu. Mafungu kumi na moja.
Shali ile naijua.
Nilikuwa bado nimeivaa.

Mwanangu alinyamaza kwa adabu.
Adabu ile ndiyo iliyoniuma.
Wali ukaungua kidogo.

Mahubiri mangapi ya mizani ya hila
nimeyaitikia amina, nikiwawaza wauza petroli wa mjini,
wale ambao pampu zao hukimbia kuliko mafuta!
Sikujua kwamba kidole gumba nacho ni mizani.

Asubuhi nilimwaga mafungu yote, nikapanga upya.
Zilizosinyaa nikazitenga kando,
nikaandika kwa mkaa: Za juzi, rupia kumi.
Kamera nikaibandua.
Rohlupuia alibisha, si sana.

Jioni nikashuka kwa Pi Thangzami.
Njia nzima nilipanga maneno; mlangoni yakanikimbia.
Jiko lilikuwa baridi. Mumewe alilala akiuelekea ukuta,
miguu imevimba kama magogo ya mvua,
na rafuni, mchele wa kanisa, kopo limejaa pomoni,
halijaguswa.
Nikauliza kama ana mbegu za haradali za kuniazima.
Alikuwa nazo. Akanipimia, akazidisha.

Hela bado hupungua siku nyingine.
Na fungu moja, la mwisho kushoto, sikuhizi siliandikii bei.
Wiki iliyopita mtu aliacha hapo rupia mia,
ameikunja ndogo, ameifunika kwa jani.
Sijui ni nani.
Tungeweza kujua, anasema Rohlupuia.