Kinyota Pembeni mwa Nne

Nilimwandikia alama tokea Mnazi Mmoja,
kwa kalamu ya risasi, daftari pajani,
kwa hiyo najua: Murtaza wa Kiponda
aliichezea nchi mara tatu tu.

Nairobi, khamsini na mbili.
Mpira ulilia juu ya bati la kantini,
wapishi wakatoka mbio na miko yao.
Kampala, sifuri. Hilo tuliache.

Ya tatu, Dar, alikuwa na nne:
pigo moja, kiwiko juu, bila haraka,
kama mtu amfunguliaye paka mlango.
Kisha mvua.
Haikuanuka.

Barua ya safari nyingine haikuja.
Likaja goti, likaja duka la mkwewe.

Sijakifuta kinyota nilichokitia
pembeni mwa ile nne: hakutolewa.
Kwa sheria za mchezo
Murtaza yumo bado uwanjani.

Yeye yuko Darajani, anauza mapazia.
Ukimtajia kriketi anainamia jora,
anauliza, "Wari ngapi?"

Juzi nikamjibu:
"Ishirini na mbili. Kutoka kijiti hadi kijiti."

Mkasi ukasimama.
Kiwiko cha kushoto, chenyewe, kikapanda.