Hesabu ya Vichwa

Mimi ndiye mwenye daftari.
Averil Tunnicliffe, katibu, mwaka wa kumi na tisa huu.
Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi napanga viti
ukumbini, nyuma ya Kanisa Kuu la Wexmoor,
viti sitini, ingawa Marafiki wa Kanisa tumebaki thelathini na kitu:
kiti kitupu ni mwaliko,
kiti kisichopangwa ni tusi.

Januari alikuja mtaalamu wa popo.
Alituonyesha kinyesi chao juu ya kaburi la askofu,
akasema, kwa heshima zote, hawa walihamia kabla ya kinanda.
Februari, risasi. Si ya bunduki.
Ile ya paani, waliyoibandua wezi usiku wa mvua,
asubuhi tukakuta matone yakihubiri mimbarini.
Haba na haba, akaanza mweka hazina, akapitisha kopo.
Lilirudi na pauni themanini na kifungo cha koti.

Machi, mwashi. Msichana wa miaka ishirini na sita,
chokaa kwenye nyusi, picha hakuleta hata moja.
Aliweka mezani kisogo cha malaika.
Uso ulikwisha kuliwa na mvua ya karne sita,
lakini nyuma, upande uliogeukia ukuta,
msuko kwa msuko, unywele kwa unywele,
mahali ambapo jicho la mtu halikutarajiwa.
"Nani alimlipa kwa hili?"
Leopold Garside, safu ya mbele, kiganja sikioni.
"Hakuna," akasema mwashi.
Leopold akacheka mpaka akakohoa.
Usiku uleule alilipia ziara ya Mei,
noti zimekunjwa nne nne: namba kumi na nne, dirishani.

Wiki mbili baadaye kengele kubwa ilimlilia.
Bandu bandu, huisha gogo.
Sikulifuta jina. Mwenye daftari ana haki zake.

Basi liliondoka na watu thelathini na tisa.
Hallingford, mwendo wa saa mbili, kanisa kuu lenye minara miwili.
Tulikwenda kustaajabu, tukaishia kulinganisha.
Chai yao, pauni tatu na nusu!
Vyoo vyao, maji ya moto.
"Dirisha letu lina buluu zaidi," Muriel akaninong'oneza
kama anayeungama.
Na Dorcas Pym, miaka themanini na minne,
alipanda ngazi zote mia mbili na kumi na saba,
akakaa kwenye ile ya mwisho, viatu mkononi,
akatuapisha tusimwambie mwanawe.

Jioni, mvua. Nikahesabu vichwa.
Arobaini.
Nikahesabu tena, kutoka nyuma. Arobaini.
Namba kumi na nne, dirishani,
mzee amelala, kofia magotini,
kifuani beji ya Marafiki wa kanisa jingine kabisa,
na dereva alikwisha kushika barabara kuu.

"Samahani," akasema alipozinduka.
"Nilisikia watu wakizungumzia paa linalovuja,
nikawafuata. Nilidhani ni letu."

Muriel akamkatia nusu ya mkate wake wa mayai.
Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.
Naye akapangusa ukungu kiooni kwa mkono wa koti,
akatazama mashamba, kondoo, giza,
kisha akaniuliza nilichoogopa kuulizwa:
"Nimekalia kiti cha nani?"
Nilifungua daftari. Nikalifunga.
"Kimelipiwa," nikasema.

Juni mada ilikuwa vitabu vya mapato na matumizi
vya watawa wa zamani: mishumaa, samaki, nta, misumari.
Walikuja kumi na wanane tu, mvua ile.
Wa kumi na tisa aliingia amechelewa, ametoka kituo cha treni,
Ambrose Lathbury, kikombe chake mwenyewe mfukoni,
akasimama mlangoni akitafuta pa kukaa
kana kwamba pamejaa.

Nilikuwa nimepanga sitini na kimoja.