Mwonekano na Unadhifu

Chumba ni cha chanjo. Alhamisi mchana tunaazimwa,
akina mama wakishaondoka na vilio vyao mgongoni.
Jokofu linaguruma. Kwenye boriti inaning'inia
mizani ya watoto, kisuruali chake cha bluu kitupu,
kinazunguka kila feni inapokigeukia.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne.
Nadaiwa saa mia tatu za kusikiliza watu wa Vingunguti,
na Bi Atupele, msimamizi wangu, huzitia saini
mojamoja, kwa kalamu nyekundu,
kama mwenye duka anayewajua wakopaji wake.

"Jina?"
"Kulwa."
Kila aliyekulia nchi hii anajua
Kulwa hatajwi peke yake.
Nikasubiri jina la pili lije. Halikuja.
Nikaogopa kuliuliza, nikashika fomu.

Katika wiki mbili zilizopita
umekosa hamu ya kufanya mambo?
Siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku?
"Wiki mbili?" akasema. "Mimi nahesabu kwa mvua."
Nikatia alama kwenye karibu kila siku.

Usingizi? Chakula? Alijibu kama anayelipa deni
kwa sarafu za shilingi hamsini.
Kidevuni alikuwa na mikwaruzo mibichi,
ndevu zimebaki visiwa visiwa chini ya taya,
nami penye mwonekano na unadhifu
nikaandika: duni.
Nilijivunia neno lile. Lilikuwa la kitaalamu.

Jioni Bi Atupele akasoma, akavua miwani.
"Maswali ishirini na moja. Wewe karani wa sensa?"
Sikujibu.
"Na Doto?"
"Sikuuliza."
"Usimuulize. Ila mwachie pa kukaa."

Alhamisi iliyofuata, kwa ushamba wangu,
nikaweka kiti cha tatu.

Kulwa alikitazama. Nilinyamaza,
si kwa ustadi; nilikosa la kusema.
Jokofu likajizima lenyewe.
Nje mbuzi wa machinjioni walipitishwa,
kwato juu ya kokoto, kisha hata kwato zikaisha.
Dakika kumi na mbili. Nilizihesabu kwa aibu.

"Karakana iliingia maji," akasema,
akikiambia kile kiti.
"Ulirudi kuchukua mashine ya kuchomelea.
Maji ya magotini tu.
Ukaniuliza kwa sauti: umezima umeme?
Nikasema nimezima."

Feni ikageuka, ikaturudia.

"Kioo nimekiuza," akasema, sasa akinitazama mimi.
"Nikikitazama, ni yeye.
Kwa hiyo nanyoa kwa kupapasa."
Akagusa kidevu, kile kile nilichokipa alama.

Pole ni neno la kila kitu:
la kikohozi, la mzigo, la aliyejikwaa mlangoni.
Nilitafuta jingine, kubwa zaidi, lenye vitabu ndani yake.
Sikulipata. Nikasema hilo hilo,
naye akalipokea kwa mikono miwili
kama kikombe kilichojaa.

Alipoondoka nikalirudia faili la kwanza,
nikalifuta duni mpaka karatasi ikatoboka.
Bi Atupele akaiinua kwenye mwanga,
akanichungulia kupitia tundu.
"Siku nyingine piga mstari mmoja tu," akasema.
"Ulichokosea lazima kisomeke."

Nikauliza: na zile dakika kumi na mbili,
ambazo sikufanya chochote,
niziandike upande gani wa daftari?
Hakunijibu. Aliisaini saa nzima,
akaenda kuwahi mvua.

Leo saa tisa na robo. Hajafika.
Chanjo wameacha pamba sakafuni, nimeiokota.
Nimepanga viti vitatu, nikakipangua kimoja,
nikakirudisha.
Kuna mtu anabisha hodi,
au ni upepo wa feni
unaogongesha mizani ukutani.