Cha Kuazima

Katika hadithi ya bibi, bwana arusi alikuwa fisi:
mkia kaukunja ndani ya kanzu,
cheko kalimeza pamoja na pilau.
Mkewe alijua usiku, alipopapasa chini ya mto
akagusa mfupa.

Makame hakuwa na mkia.
Jumatatu alirudisha suti dukani, Mtaa wa Freeman.
Jumanne, gari, kwa Faki wa kiwanda cha samaki.
Jumatano mjomba wake akaja kudai ujira,
na kumbe si mjomba.
Alhamisi tulihama: nyumba ni ya bosi,
amerudi likizo.

Ijumaa, chumbani juu ya duka la chipsi,
amebaki yeye tu na soksi zilizotoboka,
anangoja nipige yowe.

Sikupiga.
Nilifuta wanja. Nikavua nywele za dukani.
Mficha uchi hazai, nikasema,
ile picha uliyoletewa ni ya Raya,
mdogo wangu.

Mvua ya Grimsby ikagonga dirisha
kama shahidi aliyechelewa.

Akanitazama, kitambo.
“Chai?”

Kikombe kilikuwa kimoja,
nacho cha jirani.